Flanji ya Kuzibia: Mwongozo kwa Mwenye Kufunga na Mwenye Kufungua

Bomba la kiwandani, liwe la mvuke, la maji, la mafuta au la gesi, halina budi kuwa na mahali linapokoma, ama kwa sababu kazi yake imeishia hapo, ama kwa sababu mwenye kiwanda anatazamia kulirefusha siku za mbele, ama kwa sababu kifaa kilichoungwa nalo kimeondolewa kwenda kutengenezwa. Na mahali hapo, ikiwa patatakiwa kufunguliwa tena bila ya kukata chuma wala kulehemu, hufungwa kwa flanji ya kuzibia, sahani ile nene isiyo na tundu katikati, ambayo mafundi wa karakana huiita blaindi. Hukazwa kwa bolti juu ya flanji ya bomba, na baina ya nyuso mbili hizo hulazwa gasketi. Kwa kuitazama haina la ajabu: haizunguki, haina mkono wa kushika, haina saa ya kupimia. Kwa hiyo imekuwa desturi katika karakana nyingi kumwachia mwanagenzi kazi ya kuikaza mwisho wa zamu, hali mafundi wakubwa wamekwisha kuanza kunawa mikono. Mwongozo huu umeandikwa kwa kusudi la kuipinga desturi hiyo.

Neno la kwanza ambalo ningependa msomaji alikubali kabla hajashika spana ni kwamba flanji ya kuzibia si kifuniko cha kuzuia vumbi, bali ni ukuta wa bomba, na yapasa kuwa na nguvu zote za ukuta huo tangu dakika ile ilipofungwa, hata kama iliyomo ndani ni hewa tupu na hata kama imewekwa kwa usiku mmoja tu. Fanya hesabu hii. Bomba la inchi 12 lina mdomo wa takriban sentimita 30 na nusu, na eneo la mdomo huo ni sentimita mraba 730 hivi. Shinikizo la bari 10, ambalo ni jambo la kawaida katika viwanda vyetu, ni zaidi kidogo ya kilo 10 juu ya kila sentimita mraba. Zidisha, utaona kwamba sahani ile inasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 7, na hapana kinachoizuia isiruke ila bolti 12. Mabaharia wa mwambao hawaidharau nguruzi ya jahazi, kile kizibo cha tundu la chini, kwa kuwa hujaa kiganjani. Hujua kwamba bahari yote iliyo chini ya chombo inaisukuma. Fundi naye na aitazame flanji yake kwa jicho hilo.

Ulioshuhudia kwa hasara kubwa kabisa gharama ya kulisahau neno hili ni ulimwengu wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini. Tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta na gesi lililoitwa Piper Alpha, kiasi cha kilomita 190 kutoka Aberdeen huko Uskochi, palikuwa na pampu mbili za kusukuma majimaji mepesi yatokanayo na gesi. Mchana wa siku hiyo pampu moja ilisimamishwa, na vali yake ya usalama ikaondolewa kwenda kupimwa. Kazi haikuisha hata jioni ilipoingia, na mdomo wa bomba ulioachwa wazi ukafungwa kwa flanji ya kuzibia. Muda mfupi kabla ya saa 4 usiku pampu ya pili ilizimika ikakataa kuwaka tena, na watu wa zamu ya usiku, ambao habari ya vali ile haikuwafikia, wakaiwasha ya kwanza. Flanji ilikuwa juu, mbali na macho ya asimamaye penye pampu. Majimaji yakavuja, yakageuka wingu, wingu likashika moto, na watu 167 wakafa. Lord Cullen, aliyeongoza uchunguzi ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1990, alikata shauri kwamba uvujaji ulianzia penye flanji ile, ambayo haikukazwa kiasi cha kuzuia kuvuja, na kwamba utaratibu wa hati za ruhusa ya kazi ulikuwa umelegea kiasi cha kuwaacha watu wa zamu moja wasijue walilolifanya wa zamu nyingine.

Katika msiba huo mna makosa mawili yaliyofungamana, na nawasihi wasomaji wasiyatenganishe: flanji iliyofungwa kana kwamba haitakutana na shinikizo, na habari ya flanji hiyo isiyofika kwa mwenye kuleta shinikizo. Lau moja kati ya mawili hayo lisingalikuwapo, watu wale wangalilala salama. Mafundi wengi huliona la pili kuwa kazi ya ofisi, nao hulipuuza. Mimi naliona kuwa nusu ya ufundi wenyewe.

Tuje sasa kwenye uchaguzi wa flanji. Flanji hazilingani kwa upana tu, bali kwa daraja pia. Katika kanuni ya Kimarekani iitwayo ASME B16.5, ambayo huhusu mabomba ya nusu inchi hata inchi 24, madaraja ni 150, 300, 400, 600, 900, 1500 na 2500, na nambari hizo si kipimo cha shinikizo kama wengi wanavyodhani, bali ni majina ya jedwali ambamo shinikizo hupungua kila joto linapozidi. Flanji ya daraja la 150 iliyofuliwa kwa chuma cha kawaida cha kaboni inaruhusiwa kubeba bari 19.6 katika joto la nyuzi 38 za Selsiasi. Ikifika nyuzi 200 inaruhusiwa bari 13.8, ikifika nyuzi 300 ni bari 10.2, na kwenye nyuzi 400 haizidi bari 6.5. Basi flanji ile ile iliyofaa kwa bomba la maji baridi yaweza kuwa hatari penye mvuke mkali, ilhali kwa macho ni moja. Usiulize shinikizo peke yake. Uliza na joto, na uulize joto la siku mbaya, si la siku njema. Majibu mengine yamo katika ukingo wa flanji, ambapo mtengenezaji aliye mwaminifu hugonga jina lake, upana, daraja, aina ya chuma na nambari ya mfuo. Flanji isiyo na alama hizo ni flanji isiyo na nasaba, nami singeifunga penye kitu chochote kiwezacho kuunguza au kulipuka.

Jambo linalowasumbua sana mafundi wa Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa kanuni. Viwanda vikongwe vilivyojengwa kwa vifaa vya Kiingereza vyaweza kuwa na flanji za kanuni ya BS 10, zenye majedwali yaliyoitwa kwa herufi. Mitambo mingine ikaja na flanji za kanuni ya Ulaya, zenye alama ya PN. Na kazi za mafuta na gesi aghalabu hufuata ya Kimarekani. Twaa bomba la inchi 4. Duara la matundu ya bolti katika Jedwali E la BS 10 lina kipenyo cha milimita 178. Katika PN 16 ni milimita 180. Katika daraja la 150 la Kimarekani ni milimita 190 na nusu. Na zote tatu zina matundu 8. Ile ya Kimarekani haitakudanganya, kwa kuwa haiingii kabisa juu ya nyingine. Za kudanganya ni hizo mbili za kwanza, ambazo zimeachana kwa milimita 2, na mwenye nyundo na pupa huweza kuzifungamanisha kwa nguvu, bolti zikaingia zikiwa zimeegemea upande, na gasketi ikakaa kombo. Pima kwa rula kabla ya kuagiza, pima upana wa nje, duara la matundu, idadi ya matundu na unene wa bolti, wala usitosheke na kauli ya dukani kwamba hiyo ni flanji ya inchi 4.

Kuna na jaribu jingine, la kukata bamba la chuma kwa gesi, kulitoboa matundu na kulifunga mahali pa flanji. Sisemi kwamba bamba haliwezi kamwe kufanywa kizibo. Mhandisi aliyekokotoa unene wake aweza kulipasisha. Lakini unene haukisiwi kwa jicho. Nguvu inayoisukuma sahani huzidi mara nne kipenyo kikizidi mara mbili, na sahani pana hubinuka katikati hata ikaivuta gasketi kutoka mahali pake. Kwa bomba lile la inchi 12 lenye bari 10, kanuni ya mabomba ya viwanda huonyesha kwamba sahani bapa ya chuma cha kawaida yahitaji kiasi cha milimita 12, kabla ya kuongeza unene wa kulipia kutu; na bado nimesikia mafundi wakitaja bamba la milimita 6 kana kwamba ni kitu thakili. Bamba hilo litabinuka. Aidha, flanji iliyo rasmi ya upana huo ina uzito unaopita kilo 40, na kwa hiyo inyanyuliwe kwa winchi na ukanda uliopimwa, si kwa mgongo wa mtu aliyesimama juu ya ngazi.

Juu ya nyuso na gasketi nitasema machache. Uso wa flanji una mifereji miembamba iliyochongwa kwa kusudi la kuing'ata gasketi. Usiisugue kwa jiwe la grainda hata ikang'aa. Mkwaruzo unaofuata duara hauna dhara kubwa, ila ule unaokata kutoka ndani kwenda nje ni njia iliyo wazi ya kuvujia, na flanji yenye mkwaruzo huo irudishwe kwenye mashine ya kukereza. Usikutanishe flanji ya chuma yenye uso ulioinuka na flanji ya chuma cha kalibu yenye uso bapa, kwa kuwa bolti zikikazwa huipinda ile ya kalibu, nayo haipindi, hupasuka. Gasketi haitumiki mara mbili. Haipakwi grisi wala gundi ili kuishikiza. Gasketi za kuviringishwa zenye utepe wa chuma hutambulikana kwa rangi ya ukingo: manjano ni chuma cha pua cha 304, kijani ni 316, na mistari ya kijivu huonyesha kwamba ujazo wake ni grafiti. Rangi hizo ni za manufaa sana bohari inapokuwa na giza na vibandiko vimeshabanduka.

Kukaza ndipo penye ustadi. Kwanza, flanji mbili zikutane zenyewe, uso kwa uso, bila ya kuvutwa na bolti. Penye kombo, sahihisha bomba au nguzo zake. Safisha nyuzi za bolti, zipake mafuta yafaayo kwa joto la mahali hapo, na usisahau kupaka uso wa nati unaosuguana na flanji, kwa maana takriban sehemu 9 katika 10 za nguvu unayoitia katika spana huliwa na msuguano, na sehemu 1 tu ndiyo inayoivuta bolti. Bolti mbili, moja kavu na moja yenye mafuta, zikikazwa kwa kipimo kile kile cha spana, hazina mvuto mmoja hata kidogo, na gasketi hubanwa upande huu ikaachwa upande ule. Kisha zipe bolti nambari kwa chokaa kufuata mzunguko wa saa, na ikiwa ni 8, ukaze ya 1, halafu ya 5, ya 3, ya 7, ya 2, ya 6, ya 4 na ya 8, ukivuka kutoka upande mmoja hata wa pili. Mzunguko wa kwanza usipite theluthi moja ya nguvu iliyoamriwa, wa pili theluthi mbili, wa tatu nguvu yote. Ndipo uzunguke kwa kufuatana, bolti baada ya bolti jirani yake, hata nati isisogee tena. Baada ya saa 4 au zaidi rudi ufanye mzunguko huo wa mwisho tena, kwa sababu gasketi hutulia na bolti hulegea kwa kutulia kwake. Nguvu yenyewe isomwe katika jedwali la mhandisi au la mtengenezaji wa gasketi, ipimwe kwa spana ya toki iliyohakikishwa; kipande cha bomba kinachochomekwa nyuma ya spana hakipimi chochote ila misuli ya mwenye kukivuta.

Ikiwa flanji imewekwa kwa muda, fanya yote hayo vile vile. Shinikizo halina habari ya muda uliokusudiwa.

Ni wajibu kusema pia ni wapi flanji ya kuzibia, au nduguye lile bamba la kuchomekwa baina ya flanji mbili, yafaa kuwekwa badala ya kuitegemea vali. Vali hufungwa na kufunguliwa. Vali huvuja ndani kwa ndani bila ya kuonyesha. Na vali iendeshwayo kwa hewa yaweza kufunguka kwa mpira wa hewa uliounganishwa kinyume. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kiwanda kimoja cha plastiki huko Pasadena, Texas, tarehe 23 Oktoba 1989: bomba lilikuwa limefunguliwa kwa ajili ya kuzibuliwa, na baina ya mafundi na mtambo wenye shinikizo palikuwa na vali moja tu, ambayo mipira yake ya hewa ilikuwa imegeuzwa. Vali ilifunguka, gesi ikamwagika, na watu 23 wakafa. Basi kanuni yangu ni hii: mtu akiingia ndani ya tangi, au akifungua bomba lililoungwa na chombo chenye moto, sumu au shinikizo, vali peke yake haitoshi, pawe na kizibo cha chuma, au bomba litenganishwe kabisa. Mahali panapofungwa na kufunguliwa mara kwa mara, nausia lile bamba lenye umbo la miwani, upande mmoja mzima na upande mwingine wenye tundu, kwa sababu aliye mbali aweza kuona kwa upande unaochomoza kama njia iko wazi au imezibwa.

Illa kuna njia moja isiyozibwa abadan maadamu chombo kinafanya kazi, nayo ni njia ya vali ya usalama. Chombo kilichozibiwa pumzi yake hakina mlinzi. Vali ya usalama ikiondolewa kwenda kupimwa, ama chombo kisimamishwe, kiondolewe shinikizo na kutengwa, ama pawepo vali nyingine ya usalama yenye uwezo wote unaotakiwa.

Kila kizibo kiwe na nambari, na kila nambari iwe katika daftari: mahali kilipo katika mchoro, daraja lake, aliyekiweka, saa aliyokiweka, sababu, na atakayekiondoa. Kibao chenye nambari hiyo kifungwe kwenye flanji kwa waya, na kibao cha pili kifungwe pale ambapo mtu atasimama kuwasha pampu au kufungua vali inayohusika, kwa kuwa flanji yenyewe yaweza kuwa juu ya paa au nyuma ya tangi. Na swichi ya pampu itiwe kufuli, ufunguo ukae kwa mwenye dhamana ya hati ya kazi. Zamu zinapopokezana, anayetoka na anayeingia wasome daftari pamoja kwa sauti, na ikiwezekana wakakitazame kila kizibo kwa macho. Najua kwamba saa ya kubadili zamu watu wamechoka na basi linangoja nje ya lango. Basi na lingoje.

Kipande cha bomba kilichofungwa mwisho wake nacho kina maradhi yake. Maji na tope hutuama humo bila ya kupita, kutu hula chuma kutoka ndani penye sakafu ya bomba, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna kinachotiririka. Katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Sunray, Texas, mwezi Februari 2007, maji yaliyotuama katika kipande cha namna hiyo yaliganda kwa baridi yakalipasua bomba, na propani iliyovuja ikawaka. Mwambao wetu hauna baridi ya kugandisha, lakini una joto na chumvi, na kutu haihitaji zaidi. Kipande kilichozibwa kiwe kifupi iwezekanavyo, kiwe na tundu la kutolea maji sehemu ya chini, na unene wake upimwe kila unapopimwa unene wa bomba kubwa. Na ikiwa kimejazwa majimaji na kufungwa pande zote mbili, kumbuka jua la adhuhuri: majimaji yasiyo na nafasi ya kutanuka huongeza shinikizo kwa kasi kubwa mno kwa nyuzi chache tu za joto.

Kufungua, mwisho, ni kazi ya hatari kuliko kufunga, kwa sababu afungaye aliona kilichomo, na afunguaye aghalabu anakisia. Pata hati ya ruhusa. Ulizia bomba lilibeba nini tangu lilipozibwa, si siku lilipozibwa tu. Ikiwa flanji ina tundu dogo lenye vali ya kutolea pumzi, na kila flanji ya mahali pa hatari yafaa iwe nalo, fungua vali hiyo polepole, usubiri, uhakikishe kwamba tundu lenyewe halikuzibwa na tope, kwani ukimya wa tundu lililoziba hufanana na ukimya wa bomba tupu. Vaa kinga za uso na mikono zilizoandikwa katika hati. Usisimame mbele ya sahani wala chini yake; simama ubavuni, upande unakotoka upepo. Legeza kwanza bolti zilizo mbali nawe, mzunguko mmoja wa nati au pungufu, ili kikitoka kitu kitokee upande usio wako, wala usiitoe bolti hata moja nje kabisa. Sahani isipobanduka, ichomoe kwa kabari ndogo upande ule ule wa mbali, bolti zikiwa bado zimeishika. Kikisikika kishindo cha pumzi, ondoka, uache itoke mpaka ikome, na kama haikomi, kaza tena uende ukaulize ni vali gani inayovuja. Ikiwa kimya, na sahani inacheza kwa mkono, ndipo uitundike kwenye winchi, utoe bolti za chini na za kando, ukiacha mbili za juu kuwa za mwisho. Gasketi kuukuu itupwe siku hiyo hiyo isije ikarudi kwa mlango wa nyuma, uso wa flanji ukaguliwe ungali safi, na nambari ya kizibo ifutwe katika daftari saa ile ile kwa mkono wa yule aliyekiondoa.